Kujifunza Kinanda kwa Sikio Ukubwani: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Baada ya Miaka Hamsini

Anayeanza kinanda akiwa na miaka 55 au 65 huja na hofu mbili: vidole vimekakamaa, na nota za mistari mitano hazitaingia tena kichwani. Hofu ya kwanza ina ukweli kidogo. Ya pili haituhusu, maana hapa tunazungumzia kupiga kwa sikio. Dodoma imejaa watu wa rika hilo walioimba kwaya tangu shule ya msingi, wanaoweza kushika sauti ya pili au besi bila kuandikiwa chochote, na wengine ambao masikio yao yamelelewa na rumba na taarabu za redioni. Mtu kama huyo ana sikio lililokwisha kukomaa. Mkono ndio mgeni, na makosa mengi hutokea pale anapoufunza mkono peke yake huku mdomo umefumbwa. Kwa hiyo kanuni inayotawala mwongozo huu wote ni moja: imba kwanza, bonyeza baadaye.

Kifaa na mahali pa kukaa

Kinanda cha vitufe 61 kinatosha kwa miaka kadhaa. Sharti moja tu lisilegezwe: vitufe viwe vya ukubwa kamili na viitikie uzito wa kidole, yaani ukigusa taratibu sauti iwe ndogo, ukikandamiza iwe kubwa. Vile vyenye vitufe vyembamba vya watoto viache dukani.

Ukinunua cha mtumba, usiridhike na muuzaji anapokupigia staili ya ngoma zinazojiendesha zenyewe. Bonyeza kila kitufe, kimoja kimoja, kutoka kushoto hadi kulia, mara moja kwa upole na mara moja kwa nguvu. Chini ya kila kitufe kinachoitikia uzito kuna mpira wenye migusano miwili, na kinanda hupima muda unaopita kati ya mgusano wa kwanza na wa pili. Vumbi likikaa hapo, kitufe ama kinanyamaza, ama kinapiga kelele kwa nguvu zote hata ukikigusa kama unyoya. Kwa vumbi la Dodoma tatizo hili ni la kawaida, na fundi anaweza kufungua na kusafisha kwa spiriti. Vitufe viwili vitatu vya namna hiyo ni sababu ya kushusha bei. Kumi ni sababu ya kuondoka. Ukifika nacho nyumbani, kifunike kwa kitambaa kizito kila unapomaliza, na usikiweke dirishani upande wa jua.

Adapta nayo iangaliwe kwa makini. Vinanda vingi vidogo vya Yamaha hutumia volti 12, na vingi vya Casio hutumia 9 au 9.5. Zaidi ya volti, kuna alama ndogo ya duara inayoonyesha kama chanya iko katikati ya pini au nje. Adapta ya kuazima ambayo pini yake inaingia lakini alama imegeuka inaweza kuua kinanda kwa sekunde moja. Umeme ukikatika, chomoa, subiri urudi na utulie ndipo uchomeke. Vinanda vingi vya aina hii hukubali pia betri, mara nyingi sita, hivyo mazoezi hayana sababu ya kulala siku ya mgao.

Urefu wa meza ni jambo ambalo wengi hulipuuza na kulilipia kwa maumivu ya mgongo na vifundo vya mikono. Kinanda juu ya meza ya kahawa ya sebuleni kiko chini mno. Juu ya meza ya kulia chakula mara nyingi kiko juu mno. Vitufe viwe sentimita 70 hadi 75 kutoka sakafuni, nawe ukae kwenye kiti kisicho na mikono, kiwiko kikiwa usawa wa vitufe au juu yake kidogo. Asubuhi za Juni na Julai, wakati baridi ya Dodoma inauma, weka mikono kwenye maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu kabla ya kuanza. Dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku, zinafaa kuliko saa nzima ya Jumamosi. Kidole kikichoka, pumzika; kikiuma kwenye kiungo, acha mpaka kesho. Maumivu yakijirudia siku baada ya siku, mwone daktari kabla ya kuendelea.

Kuhusu masikio yenyewe: umri huanza kupunguza sauti nyembamba sana za juu, na melodi za nyimbo haziko huko. Kinachowasumbua wazee wengi ni besi, kwa sababu spika ndogo za kinanda haziwezi kuitoa vizuri. Tumia hedifoni za kufunika sikio, au unganisha na redio yenye spika kubwa, la sivyo hatua ya tatu hapa chini itakushinda bila kosa lako.

Hatua ya kwanza: tafuta do

Acha kinanda kimezimwa. Imba pambio fupi unalolijua usingizini, kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu shikilia ile sauti inayokufanya uhisi kwamba wimbo umefika nyumbani. Nyimbo nyingi humalizikia hapo, na besi humalizikia hapo karibu kila mara. Hiyo ndiyo do. Ihakikishe kwa kuimba do, mi, so, mi, do kutokea pale ulipo. Ikikaa vizuri na wimbo, umeipata.

Onyo: sauti ya kwanza ya wimbo si lazima iwe do. Wimbo wa siku ya kuzaliwa unaoimbwa kwenye kila sherehe unaanza na so. Mtu akidhani ile sauti ya kuanzia ndiyo do, ataumia wiki nzima akitafuta kodi (sauti tatu zinazopigwa pamoja) zisizokuwepo.

Sasa washa kinanda. Seti ya vitufe 12, saba vyeupe na vitano vyeusi, hujirudia kutoka kushoto hadi kulia. C ni kitufe cheupe kilicho kushoto kabisa mwa vile vyeusi viwili vilivyo pamoja. Kwenye vitufe 61, C ya katikati ni ya tatu kuhesabu kutoka kushoto. Guna, kisha bonyeza ukitafuta kitufe kinacholingana na mguno wako.

Hapa wanaume hukwama kwa sababu isiyo na uhusiano na kipaji: sauti ya mwanamume iko chini ya pale anapodhani, naye hutafuta upande wa kulia wa kinanda, mahali ambapo sauti yake haifiki. Mwanamume aanze kutafuta kati ya C ya pili na ya tatu. Mwanamke, kuanzia G, yaani kitufe cheupe cha tatu kushoto mwa C ya katikati, kwenda kulia. Ukiwa hujui kama kitufe kiko juu au chini ya sauti yako, usibahatishe. Shikilia sauti yako, sogea kitufe kimoja kulia, kisha kimoja kushoto, na usikilize ni wapi mtikisiko kati ya sauti mbili unapotulia. Zoezi la dakika tano kila siku, kwa wiki mbili hivi, na wengi hufika kwenye kitufe sahihi baada ya kujaribu mara mbili au tatu.

Hatua ya pili: melodi kwa mkono wa kulia, ndani ya C

Kwa sasa do zote ziwe C. Ngazi ni vitufe vyeupe vinane: C D E F G A B C, yaani do re mi fa so la ti do. Vidole hupewa namba, gumba likiwa 1 na kidole cha mwisho 5. Mkono wa kulia ukipanda ni 1-2-3, gumba linapita chini, kisha 1-2-3-4-5. Wa kushoto ukipanda ni 5-4-3-2-1, kidole cha kati kinavuka juu, kisha 3-2-1. Fanya taratibu, mkono mmoja mmoja. Hayo ndiyo mazoezi ya vidole pekee utakayohitaji kwa mwezi wa kwanza.

Chukua mstari mmoja wa wimbo. Uimbe kwa maneno, kisha uimbe kwa do-re-mi, kisha ndipo upige. Ukishindwa kuuimba kwa do-re-mi, jiulize maswali mawili tu kwa kila sauti: imebaki palepale, imepanda, au imeshuka? Na kama imepanda, ni ngazi moja au imeruka? Mruko wa kawaida ni ule wa do-mi-so, ambao mwanakwaya yeyote anaujua. Ukikosea kitufe, usipapase huku na huku mpaka kitokee. Ondoa mkono, imba tena, kisha bonyeza. Kupapasa kunavifundisha vidole njia ya kupotea.

Hatua ya tatu: mkono wa kushoto, sauti tatu tu

Walimu wengi huruka moja kwa moja kwenye kodi. Sisi tunaona anayejifunza kwa sikio apitie besi kwanza, kwa sababu besi ndiyo inayomwambia wimbo umekwenda wapi. Aliyewahi kuimba besi kwenye kwaya ana faida kubwa hapa.

Weka mkono wa kushoto upande wa chini: do ni C, fa ni F, so ni G. Kidole cha 5 kwenye C, cha 2 kwenye F, gumba kwenye G. Imba pambio huku ukibonyeza C peke yake kwenye pigo la kwanza la kila mzunguko, yaani kila kundi la mapigo matatu au manne. Pale C inapoanza kusikika kama imechacha, jaribu F. Ikikataa, jaribu G. Pambio nyingi na sehemu kubwa ya sebene za kwaya hazitoki nje ya sauti hizi tatu. Kaa kwenye hatua hii mpaka uweze kupiga pambio tano bila kusimama. Ni hatua inayochosha watu, na ndiyo inayotofautisha anayepiga kwa sikio na anayekariri vitufe.

Hatua ya nne: kodi, na kwa nini mkono usiruke

Kodi ni sauti tatu zinazopigwa pamoja. Kodi ya meja hujengwa kwa kuhesabu vitufe vyote, vyeupe na vyeusi: kutoka sauti ya msingi, hesabu vinne kwenda kulia, kisha vitatu. Kutoka C vinne ni E, kutoka E vitatu ni G. Kwa hiyo C ni C-E-G, F ni F-A-C, na G ni G-B-D. Kodi ya maina ni kinyume: vitatu kisha vinne. A-C-E, D-F-A, E-G-B.

Anayeanza hupiga kila kodi kutoka msingi wake, mkono ukiruka kutoka C hadi F hadi G. Kwa mtu mwenye viungo vizito, kuruka huko ndiko kunakochelewesha wimbo. Panga kodi hivi kwa mkono wa kulia, kuzunguka C ya katikati:

C: C-E-G kwa vidole 1-3-5
F: C-F-A kwa vidole 1-3-5
G: B-D-G kwa vidole 1-2-5

Tazama jinsi zinavyoungana. Kutoka C kwenda F, gumba halihami. Kutoka C kwenda G, kidole cha 5 hakihami. Mkono unapanuka na kujikunja badala ya kusafiri. Mkono wa kushoto unabaki na besi yake moja moja. Usipige kodi nzima ya vidole vitatu chini ya C ya pili. Kule sauti nene zikikaribiana hugongana na kutoa mngurumo tu. Wengi wakisikia mngurumo huo hudhani wamekosea kodi, kumbe kodi ni sahihi ila imewekwa shimoni.

Hatua ya tano: kodi ibadilike wapi?

Angalia sauti ya melodi iliyoko kwenye pigo zito. Mi huenda na C. Do huenda na C au F. So huenda na C au G. La na fa huelekea F. Re na ti huelekea G. Ukiwa na chaguo mbili, jaribu C kwanza.

Tuchukue ule wimbo wa siku ya kuzaliwa, ukihesabu tatu tatu, do ikiwa C. Melodi yake ni: so so | la so do | ti, so so | la so re | do, so so | so ya juu, mi, do | ti la, fa fa | mi do re | do. Kodi zake, mzunguko kwa mzunguko baada ya zile so mbili za kuanzia: C, G, G, C, C, F, kisha mzunguko wa saba C kwa mapigo mawili na G pigo la tatu, na mwisho C.

Sasa chunguza mahali ambapo kanuni inaonekana kuvunjika. Mzunguko wa kwanza unaanza na la, sauti ambayo haimo ndani ya kodi ya C. Mzunguko wa sita unaanza na ti, nayo haimo ndani ya F. Ukifuata kanuni kipofu utapiga F pale kwanza na G pale pa sita, na sikio lako litakataa. Sababu ni kwamba la ile inateremka mara moja kwenye so, na ti ile inateremka kwenye la. Ni sauti zinazopita kuelekea nyumbani mwao. Ukiona sauti ya pigo zito inasogea ngazi moja papo hapo, chagua kodi ya ile inayoifuata. Mwanzoni utakosea mara nyingi. Sikio likisema kodi imekataa na kanuni ikisema imekubali, lifuate sikio.

Ukizoea, ongeza A maina, yaani kodi ya la. Mara nyingi hukaa mahali ambapo C imekaa muda mrefu na wimbo unataka kugeuka kuwa wa unyenyekevu kidogo. D maina huja kabla ya G. Kodi tano hizo zinabeba sehemu kubwa sana ya nyimbo za kanisani na za bendi zetu.

Kuunganisha mikono

Usiunganishe melodi ya kulia na kodi za kushoto kama wanavyofanya watoto kwenye video. Kwa mpiga kwa sikio anayetaka kusindikiza waimbaji, njia fupi ni hii: mdomo unaimba melodi, mkono wa kulia unapiga kodi, wa kushoto unapiga besi. Anza na pigo la kwanza tu, mikono yote pamoja. Likitulia, besi ipige pigo la kwanza na la tatu, kodi ipige la pili na la nne. Kwenye mahesabu ya tatu, besi ni pigo la kwanza, kodi la pili na la tatu.

Mikono ikigongana, tatizo karibu kila mara ni mwendo. Punguza mpaka uone aibu, kisha punguza tena. Kwa wimbo uliorekodiwa, YouTube inaruhusu kuchezesha kwa kasi ya 0.75 au 0.5 bila kubadili ufunguo, yaani bila kuhamisha do. Na usitegemee ngoma za ndani ya kinanda mapema mno: zinaficha makosa ya mapigo, na siku utakayoombwa upige bila hizo utagundua kwamba huna mwendo wako mwenyewe. Jirekodi kwa simu mara moja kwa wiki. Ukiwa unapiga husikii kuchelewa kwako. Kwenye rekodi utakusikia mara moja.

Funguo nyingine, na kile kitufe cha transipozi

Mwalimu wa kwaya akiandika do ni G, waimbaji hawatakusubiri. Ngazi hujengwa kwa toni (hatua ya vitufe viwili) na nusu toni (hatua ya kitufe kimoja): mbili, mbili, moja, mbili, mbili, mbili, moja, ukihesabu vitufe vyote. Kutoka G utakutana na F shapu, kitufe cheusi kilicho kulia mwa F. Kutoka F, na B flati, kitufe cheusi kilicho kushoto mwa B. Kodi tatu za G ni G, C na D. Za F ni F, B flati na C. Za D ni D, G na A. Jifunze kwa mpangilio huo, C, G, F, D, na usihamie mpya kabla hujapiga nyimbo tatu ndani ya ile iliyopo. Ukiwa unafikiri kwa do-fa-so, unabadilisha mahali tu, si wimbo.

Kitufe cha transipozi hukuacha upige kwa vidole vya C huku sauti ikitoka kwa ufunguo mwingine. Wapiga vinanda wakali hukidharau. Kwa mtu aliyeanza na miaka 62 na ana ibada Jumapili hii, tunasema akitumie bila haya, mradi nyumbani aendelee na G na F. Kosa lake kubwa ni moja: kusahau kukirudisha sifuri. Angalia kioo cha kinanda kabla ya kila wimbo.

Waimbaji wakianza bila wewe, usiingie kwa kelele ukitafuta. Shusha sauti ya kinanda, tafuta do yao kwa besi moja, ukisogea nusu toni nusu toni. Ikiwa do yao imeangukia katikati ya vitufe viwili, jambo la kawaida kabisa kwa watu wanaoimba bila ala, acha ubeti uishe kisha uwape ufunguo mpya.

Nyimbo za Kigogo kwenye kinanda

Wengi hapa watatamani kupiga nyimbo za nyumbani, na hapo sikio zuri litawasumbua zaidi kuliko baya. Uimbaji wa jadi wa Wagogo, pamoja na ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa gumba) na zeze zilizojulikana duniani kupitia marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, hufuata sauti asilia zinazozaliwa na uzi au bomba lenyewe. Kinanda kimegawanywa katika nusu toni 12 zilizo sawa. Mi ya asili iko chini kidogo ya E ya kinanda, na ile sauti iliyo kati ya la na ti iko chini ya B flati kwa karibu theluthi ya nusu toni. Ndiyo maana unatafuta, unakaribia, na bado hakuna kitufe kinachotosha.

Usilazimishe. Acha waimbaji wabebe melodi yote. Mkono wa kushoto ushike do na so pamoja, ukiacha mi nje ya kodi kabisa, kwa sababu mi ya kinanda ndiyo itakayogombana na ya kwao. Sauti hizo mbili, do na so, zinakubaliana na za asili kiasi kwamba sikio halioni tofauti. Mkono wa kulia upige mapigo kwa do na so za juu, kwa sauti ya marimba kama kinanda chako kinayo, na pale kwenye ile sauti iliyo kati ya la na ti, inua mkono.